Parsaloi Ole Gilisho, Msemaji wa Wamasai wa Kaskazini

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi taarikhi za maulamaa na watu wema wa umma wetu. Mara hii twawaletea habari za mtu ambaye hakuwa alimu, wala hakuwa Muislamu, wala hakutia mkono wake katika mikataba ila kwa alama, kwa kuwa hakujua kuandika. Naye ni Parsaloi Ole Gilisho, msemaji mkuu wa Wamasai wa kaskazini, aliyefariki mwaka 1939. Twajua wako watakaokunja nyuso wakauliza, mtu huyu ana nini na sisi? Hao twawakumbusha Hilful-Fudhul, mapatano yaliyofungwa Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, zamani za Jahiliya, ya kumnusuru kila aliyedhulumiwa. Mtume wetu (s.a.w.) aliyahudhuria angali kijana, na baada ya kupewa utume alikuwa akiyasifu na kueleza kwamba lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeliitika. Basi jambo jema haliwi baya kwa kuwa limetendwa na asiyekuwa wa mila yetu, na sisi tukilikataa kwa sababu hiyo, mwenye kupungukiwa ni sisi.

Tena habari hizi zatuhusu kwa njia nyingine. Wengi katika jamaa zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi waliingia bara pamoja na reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900, wakafungua maduka, wakajenga misikiti na vyuo, wakazaa na kuzika. Nakuru jina lake ni la Kimasai, na maana yake yasemwa kuwa ni mahali pa vumbi. Naivasha ni neno lao vile vile, na wenyewe hulitamka Enaiposha, yaani maji yenye mawimbi. Ni wangapi katika sisi waliopata kuuliza? Mtu hukaa miaka arubaini katika nchi ya watu, hata maana ya jina la mji wake hakuiuliza, kisha akirudi Mombasa kwa ajili ya harusi husimama barazani akawaeleza watu tabia za Wamasai kama kwamba amezaliwa nao.

Ole Gilisho alikuwa katika Wapurko, fungu kubwa la Wamasai, na katika rika lililoitwa Il-Talala. Rika hilo lilikuwa katika ujana wake wakati wa misiba mikubwa. Sotoka ya mwanzo wa miaka ya 1890 ilifagia makundi ya ng'ombe, ikafuata ndui, ikafuata njaa, na juu ya hayo vita vya wao kwa wao baina ya wafuasi wa Olonana na wafuasi wa nduguye Sendeyo, wana wa Mbatiani, laiboni mashuhuri aliyekufa mwaka 1890. Katika kaumu iliyotoka katika mitihani kama hiyo ndimo alimochaguliwa Ole Gilisho kuwa laigwanani wa rika lake.

Neno hili twataka kulieleza kwa urefu, kwani pasipo hilo habari yote iliyobaki haitafahamika. Wazungu walipofika walimtafuta sultani wa Wamasai wasimwone, wakamshika laiboni, naye ni mtu wa kuagua na kuombea, wakamfanya mfalme katika karatasi zao. Laigwanani si mfalme wala si mwaguzi. Huchaguliwa katika rika lake wangali vijana, baada ya wazee kuuchungua ukoo wake na mwenendo wake, na kuutazama mwili wake usiwe na ila na mkono wake usiwe na damu ya mtu. Hupewa rungu jeusi liwe alama yake. Na wenyewe husimulia kuwa kijana akitambua kwamba ndiye aliyekusudiwa hutamani kukimbia, kwa hivyo hushikwa kwa ghafula, kwa kuwa cheo hicho huaminiwa kuwa ni mzigo wenye taabu na mikosi kwa anayeubeba. Twaandika haya tukikumbuka jumuiya za misikiti yetu, na jinsi watu wazima wenye mvi wanavyogombania uenyekiti mpaka wakapelekana kwa mawakili!

Na kazi ya laigwanani ni nini? Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Baraza la Kimasai hukaa chini ya mti. Mwenye la kusema husimama na fimbo yake, husema mpaka amalize, wala hakatizwi. Akiketi huinuka mwingine. Huenda shauri moja likachukua siku kutwa, au siku kadhaa, maneno yakirudiwa na kupinduliwa kila upande, hata mtu wa mjini akichungulia saa yake akaona kuwa watu hawa hawana kazi. Laigwanani wakati huo wote yuko, ayapima. Mwisho husimama akatamka lile lililokubaliwa na baraza. Si lake alitamkalo, ni lao. Na lau atatamka ambalo hawakulikubali, neno lake halina nguvu, kwani hana askari wa kuwatuma wala gereza la kuwatia.

Tuliposoma habari hizi tuliikumbuka habari ya Utba bin Rabia, alipotumwa na Makureshi kwenda kwa Mtume (s.a.w.) na maneno ya kumpa mali na ufalme ili aiwache dini yake. Maneno yale yalikuwa ni ya upuuzi na ya dharau. Lakini Mtume alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita kwa kun-ya yake, kama aitwavyo mtu mwenye heshima, akamuuliza iwapo amemaliza. Na alipoambiwa ndiyo, ndipo alipomsomea Qur'ani. Hapana mtu aliyekuwa na haki ya kumkatiza mwenziwe kuliko yeye siku ile. Na sisi leo, katika darsa zetu wenyewe, mtu hajamaliza bismillahi ameshajibiwa, na aliyemjibu ameshajibiwa na wa tatu.

Adabu za watu hutofautiana, na asiyeuliza huzifahamu kinyume. Mzee wa Kimasai akimtemea mtu mate kidogo, ile ni baraka anayompa na heshima kubwa. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Naivasha na Baringo mwaka 1883 akiwa na wapagazi wa pwani, aliijua maana yake akaiandika katika kitabu chake. Mtoto wa Kimasai akikutana na mkubwa hainui mkono. Huinamisha kichwa ili aguswe utosini. Sasa mfikiri mtu wa Mombasa aliyevaa kanzu yake na kofia yake, siku yake ya kwanza bara, akatemewa mate na mzee aliyemtakia heri. Atauliza kwanza, au atashika jambia?

Wala hatusemi hayo kwa dhana. Mwezi wa Novemba 1895 msafara wa watu zaidi ya elfu, Wakikuyu na watu wa pwani, ulikuwa ukirudi kutoka Ravine, ukapita bonde la Kedong, kusini ya Naivasha. Katika msafara walikuwamo watu waliowafanyia ufedhuli wanawake wa Kimasai na kutia mikono katika mali ya watu. Vijana wa Kimasai wakauvamia, wakaua zaidi ya watu mia sita. Mzungu mfanyabiashara, Andrew Dick, akatoka kulipiza kisasi, akaua Wamasai wengi, naye akauawa. Serikali ilipofanya uchunguzi iliona kuwa uchokozi ulianza kwa watu wa msafara. Sisi hatuhalalishi kuua mamia kwa kosa la wachache, hasha lillahi. Lakini ni wajibu wetu kuisimulia habari hii mpaka mwanzo wake. Anayeanza kuisimulia pale mikuki iliporushwa, amewatoa watu wake katika lawama kwa kukata ulimi wa upande wa pili.

Haya basi, turudi kwa mtu wetu.

Nchi hii wakati huo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Sir Charles Eliot, mkuu wake tangu mwaka 1900, alitaka Bonde la Ufa liwe la walowezi wa Kizungu, kwa kuwa reli imepita hapo na malisho yake ni mazuri. Malisho hayo ya Naivasha, Nakuru na kandokando yalikuwa ya Wamasai. Eliot mwenyewe alijiuzulu mwaka 1904 kwa kugombana na wakubwa wake juu ya mambo ya ardhi, akaja Sir Donald Stewart, na mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo ikaandikwa karatasi ya mapatano. Wamasai watoke bondeni. Baadhi yao waende Laikipia, kaskazini, na baadhi wabaki kusini ya reli. Baina ya pande mbili iwepo njia yenye upana wa nusu maili. Na Kinangop wawekewe maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe zao za jando. Na mapatano hayo yawe na nguvu muda wote Wamasai watakapokuwapo duniani.

Wazee wa kusini walitia alama zao Nairobi. Wa kaskazini walitia zao Naivasha, na wa kwanza wao alikuwa Ole Gilisho. Mwandishi alisikia jina lake akaliandika Legalishu, na cheo chake akakiandika Leganan. Hivyo ndivyo alivyobaki katika daftari za serikali maisha yake yote: mtu ambaye ardhi yake yachukuliwa, wala aichukuaye hakuona haja ya kumuuliza mara ya pili jina lake nani.

Ziko hapa nukta za fiqhi ambazo twaomba wanafunzi wetu wazizingatie. Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza. Waliohudhuria walikuwa Wamasai. Na miongoni mwa waliothibitisha kuifasiri alikuwamo mkalimani wa Kiswahili, maana yake ni kuwa maneno yalitoka katika Kiingereza, yakapita katika lugha yetu sisi, ndipo yakafika katika Kimasai. Sasa katika madhehebu ya Imam Shafi, kadhi asiyeijua lugha ya mwenye shauri hatosheki na mfasiri mmoja. Mfasiri ni mfano wa shahidi; sharti wawe wawili, waadilifu, wenye kuzijua lugha zote mbili. Na hiyo ni katika shauri la mbuzi, au la deni la rupia kumi. Hapa palikuwa na shauri la bonde zima, na la watu ambao hawajazaliwa.

Wala hatusemi kwamba wakalimani wale walihini. Hilo halijuzu kusemwa ila kwa hoja, nao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Tusemalo ni kuwa neno huweza kufasiriwa kwa uaminifu na bado lisifike. Utamwelezaje, kwa sentensi mbili, mtu ambaye kwao mapatano ni maneno yaliyosemwa na kila mtu chini ya mti, kwamba alama ya kidole chake katika karatasi itamfunga yeye na vizazi vyake, ilhali walioandika karatasi wataweza kuibadilisha?

Na waliibadilisha. Haikupita miaka saba.

Walowezi waliitamani Laikipia pia, na gavana mpya, Sir Percy Girouard, aliona ni heri Wamasai wote wakusanywe kusini pahali pamoja. Mwanzo wa mwaka 1910 wazee waliitwa wakaelezwa. Ole Gilisho alikataa. Hoja zake hazikuwa za ukaidi. Zilikuwa za mfugaji anayeijua kazi yake. Maji ya kusini yako wapi wakati wa kiangazi? Malisho yatatosha makundi ya pande zote mbili? Na maradhi ya mifugo yaliyoko huko, nani atayazuia? Maswali kama haya hujibiwa kwa kwenda kuona, na kwa kusikiliza. Badala yake mazungumzo yalirudiwa kwa namna nyingine, leo na wazee hawa, kesho na wale, na kila mara baada ya kikao serikali iliandika kwamba Wamasai sasa wamekubali.

Mwezi wa Machi 1911 Olonana akafa. Serikali ikatangaza kuwa wasia wake wa mwisho ulikuwa Wamasai wa kaskazini wahamie kusini. Tarehe 4 Aprili 1911 mapatano mapya yakatiwa alama, na alama ya Ole Gilisho imo.

Hapa ndipo waliomlaumu hushika. Husema, mtu alikataa, kisha akakubali, kisha akakataa tena. Huyo ana ndimi mbili. Sisi twaona kuwa lawama hiyo imewekwa kwa asiyestahiki. Mafakihi wetu wamesharitisha ridhaa katika kila mapatano, na mwenye kulazimishwa mapatano yake ni batili. Na Imam Shafi amepokewa na wanafunzi wake asili iliyo wazi, kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi neno. Ni mahali pachache tu sheria ilipoufanya unyamavu kuwa ni ruhusa, kama vile bikira anapoulizwa juu ya ndoa yake, na hapo ni kwa sababu ya haya yake iliyojulikana. Serikali ilikuwa imemkabili mtu ambaye cheo chake si kusema lake. Hata akisema ndiyo chumbani mbele ya gavana, ndiyo hiyo haikuwa kitu mpaka airudishe barazani, isikilizwe, ikubaliwe. Baraza halikuikubali. Aliporudi kuwakatalia hakuvunja ahadi yake. Alikuwa akifanya kazi aliyopewa pamoja na lile rungu jeusi.

Na wasomaji wetu wa pwani wasidhani kuwa mambo haya ni ya Wamasai peke yao. Mwaka 1895 Waingereza waliandikiana na Sultani wa Unguja juu ya mwambao wetu wa maili kumi, wakaukodi kwake kwa kulipa kila mwaka. Mwenye nyumba yake Mombasa, Malindi au Lamu hakuulizwa. Twalijua vyema jambo la kupatiwa habari ya mapatano yaliyokwisha.

Mwezi wa Juni 1911 safari ya kuhama ilianza. Kwa hesabu ya serikali waliotakiwa kutoka Laikipia walikuwa watu wapatao elfu kumi, na ng'ombe kwa malaki, na kondoo wengi zaidi ya hao. Walitelemka bondeni, wakaipita reli, wakapanda milima ya Mau. Huko wakakutwa na mvua na baridi, njia zikajaa, wanyama wakafa wengi sana. Aliyewahi kulala Molo au juu ya Mau mwezi wa Julai, katika nyumba ya mawe na chini ya blanketi mbili, atakisia hali ya mtoto mchanga juu ya mgongo wa mama yake kwenye tope. Mwezi wa Agosti serikali ikausimamisha msafara, na wengi wakarudi Laikipia.

Lililofuata ndilo linalotufanya tumpe Ole Gilisho nafasi katika kurasa hizi. Alikuwa na vijana wenye mikuki, na vijana hao walikuwa na ghadhabu. Mwaka 1905 Wanandi, jirani zao wa magharibi, walimpoteza kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi na afisa wa Kiingereza katika mkutano ulioitwa wa suluhu, kwa hivyo sababu ya kutoziamini tena meza za mazungumzo ilikuwapo. Ole Gilisho hakuchagua mkuki. Alichagua wakili. Wamasai wakatoa ng'ombe katika mali yao, wakawaajiri wanasheria wa Kizungu, na mwaka 1912 wakaishitaki serikali. Madai yao yalikuwa ya adabu, na yalikuwa mazito: kwamba mapatano ya mwaka 1904 yangalipo, kwamba waliotia alama zao mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamasai wote, na kwamba walipwe mifugo iliyokufa. Jina lililotangulia katika shauri ni la mwenziwe mmoja, Ole Nchoko, na hilo nalo mahakama ililiandika vingine, Ol le Njogo. Lakini aliyekuwa roho ya shauri lile alikuwa Ole Gilisho, na kila mtu alilijua hilo.

Palikuwa na mtu mmoja Nakuru ambaye insafu yatulazimu tumtaje. Naye ni Dakta Norman Leys, Mskochi, tabibu wa serikali. Mtu huyu aliyasikia malalamiko ya Wamasai akayasadiki, akaandika barua Uingereza kwa watu wenye sauti katika mambo ya nchi, kuwaeleza yanayotendeka. Mkubwa wake alikuwa ni serikali ile ile, mshahara wake ukitoka kwayo. Mwaka 1913 akaondolewa nchini akapelekwa Nyasa. Mwaka 1924 alitoa kitabu juu ya Kenya kilichowaudhi wengi.

Shauri likasikilizwa Mombasa. Twasema likasikilizwa kwa mazoea ya lugha tu. Mwezi wa Mei 1913 Mahakama Kuu iliamua kuwa Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, ni taifa la kigeni lililo chini ya himaya yake. Kwa hivyo karatasi za mwaka 1904 na 1911 ni mapatano baina ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuyatazama. Wakakata rufani. Mwezi wa Disemba mwaka huo rufani nayo ikatupwa, kwa sababu hiyo hiyo. Hawakuendelea mpaka London.

Msomaji atazame vizuri. Hawakuambiwa kuwa madai yao ni ya uongo. Hawakuambiwa kuwa ardhi si yao, wala kuwa mifugo yao haikufa. Waliambiwa kuwa hapana sikio lililowekwa la kuwasikiliza. Kwa ajili ya kuchukuliwa ardhi yao walikuwa ni watu wa serikali, wanaoamrishwa wakahama. Kwa ajili ya kulalamika walikuwa ni wageni. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Seyyidna Ali kuwa kadhi Yaman, naye angali kijana, alimfunza asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza, kwani hapo ndipo hukumu itakapombainikia. Mahakama ya Mombasa ilimaliza shauri kabla ya kufika hapo. Na hukumu ilipotoka, wengi wa Wamasai wa Laikipia walikuwa wamekwisha hamishwa. Safari ilikuwa imeanzishwa tena wakati shauri lingali mbele ya majaji.

Ole Gilisho alihama na watu wake. Aliishi miaka ishirini na sita mingine katika nchi ya kusini, akiwa mzee wa kutajika, mpaka alipokufa mwaka 1939. Watafiti waliokwenda upande wa Narok mwishoni mwa karne ya ishirini waliwakuta wazee ambao bado wakimhadithia.

Mwaka 2004, karatasi ya Naivasha ilipotimiza miaka mia, Wamasai waliandamana wakitaka mambo ya Laikipia yatazamwe upya, na katika madai yao waliyataja mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911. Mambo hayo hayajesha kusemwa mpaka leo, na katika miji ya Bonde la Ufa wamo Waislamu wengi ambao huulizwa na majirani zao wasimama wapi. Wapo wanaojibu haraka. Sisi tulipoulizwa tuliona ni heri tumsome kwanza mtu huyu, na mwenye nyongeza au masahihisho katika habari zake, hasa katika ndugu zetu wa Narok na Laikipia, tutazipokea kwa shukrani na kuzitia katika toleo lijalo, inshaallah.

Wallahu aalam.